Naomba ushauri: chipu za poka zenye sanduku la mbao

Hamjambo ndugu zangu. Tuko wanane hapa Entebbe, watu wa matatu (ule mchezo wa karata wa Uganda, si basi) tangu utotoni, ila siku hizi kila Ijumaa usiku tunacheza poka sebuleni kwangu. Dau tunahesabu kwa vizibo vya soda, na juzi mwenzetu mmoja alikutwa na vya kwake mfukoni! Basi nataka chipu za kweli (za mchezo, si za viazi).

Nimeshika aina mbili dukani Kampala: za plastiki zenye chuma ndani, gramu 11.5, na za mchanganyiko wa udongo, gramu 14. Hizi za pili zinalia vizuri zikigongana. Shida, 500 ni kilo 7 bila sanduku, na nilipoliinua mpini ukacheza. Pembeni mbao ilikuwa imebanduka kidogo, kumbe ni ganda jembamba lililogundishwa juu ya ubao wa unga wa mbao.

Je, kwa watu wanane 300 zinatosha, au nisihangaike, nichukue 500? Na mliokaa na sanduku kama hilo karibu na ziwa, kifuniko hakijavimba kwa unyevu, au niende tu kwa alumini?