Dabi ya Kariakoo: winga wetu aanze?

Wanasimba, winga alichanika msuli wa nyuma ya paja, daraja la pili (umechanika kiasi, si wote), wiki tatu zilizopita. Jumamosi tuna Yanga, uwanja wa Mkapa. Aanze?

— Hapana mkuu. Jeraha hilo hutaka wiki tatu hadi sita, pengine zaidi. Kukimbia polepole si kipimo. Msuli huo huchanika mguu unaponyooka kwenye mbio kali. Kama hajakimbia kasi yake yote mazoezini bila maumivu, benchi.

— Aingie dakika ya 70. Ila akijitonesha tumeumia: wa kubadilisha ni watano, lakini kwa awamu tatu tu, ukiacha mapumziko. Tubakize awamu moja. Natabiri 1-1, maana bila winga wetu tangu mwanzo, beki wao wa kulia atapanda atakavyo.

— Sisi Wananchi, mashabiki wa Yanga, tunakumbuka 5-1 tuliyowafunga Novemba 2023. Safari hii 2-0, mwanzisheni tu!