Geji ya presha ya oili kwenye gari la zamani, nifunge ya bomba au ya umeme?

kongwe_22R:
Wakuu habari zenu. Nina Hilux ya zamani, injini 22R ya kabureta, dashibodi yake haina geji ya oili, ina ile taa nyekundu tu basi. Sasa nikitembea mwendo mrefu injini ikachemka vizuri halafu nikasimama ikawa sailensa (inaunguruma taratibu bila kukanyaga akselereta), taa inaanza kukonyeza konyeza, nikigusa akselereta kidogo taa inazima. Oili ipo, nimepima na dipstiki iko juu kabisa na injini hailii kitu. Nataka nifunge geji nijue moja, maana kila nikisimama macho yote yako kwenye hiyo taa. Naona kuna za umeme na kuna za bomba zinazovuta oili mpaka ndani. Ipi nzuri, nachomeka wapi, na hiyo taa ya zamani nichomoe?

spana_mkononi:
Kabla hujanunua chochote, azima geji ya kupimia kwa fundi yeyote, ile ya bomba. Fungua swichi ya oili, ile ya kwenye bloku ya injini inayowasha hiyo taa, funga bomba la geji pale pale, washa gari mpaka ichemke kabisa halafu soma. Kitabu cha Toyota kwa hiyo injini kinasema ikiwa sailensa isishuke chini ya kilo 0.3 kwa sentimita ya mraba, yaani kama psi 4 hivi (pauni kwa inchi ya mraba), na kwenye RPM 3000 (mizunguko ya injini kwa dakika) iwe kati ya kilo 2.5 na 5, yaani psi 36 mpaka 71. Ukipata hayo basi presha ipo na mwenye shida ni swichi, badilisha swichi ulale usingizi. Usipoyapata, geji ya kudumu haitakusaidia kitu zaidi ya kukuonyesha msiba kwa namba, hapo angalia oili kama ni nyepesi mno au ya siku nyingi, chujio ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu, na mwisho kabisa beringi za krenki.

Halafu uelewe hiyo taa inavyofanya kazi. Injini ikiwa imezima swichi inagusisha waya na bodi ndiyo maana taa inawaka, presha ikipanda swichi inaachia. Nyingi zimetegwa karibu na bar 0.3 mpaka 0.5 (bar moja ni karibu sawa na kilo moja), kwa hiyo taa ikiwaka haikwambii presha imepungua, inakwambia presha karibu imeisha.

babu_kabureta:
Mimi ni wa bomba tu. Haihitaji umeme, haidanganyi, oili yenyewe ndiyo inasukuma mshale. Ila bomba lake ulipitishe kwa adabu mjukuu wangu, la plastiki likigusa ekzosi linayeyuka, na la shaba halipendi mtikisiko, linakakamaa halafu linapasuka, kwa hiyo lizungushe mizunguko miwili mitatu karibu na injini ili liwe linacheza, na pale linapopenya kuingia ndani weka mpira tundu la bati lisilikate.

mama_wa_waya:
Shikamoo babu, lakini likipasuka hilo bomba ni oili ya moto kwenye miguu ya dereva na injini inabaki kavu. Kwa gari la kutembelea kila siku mimi nasema umeme.

Ila kaka, nunua geji na sensa yake (kile kifaa cha kwenye injini kinachopima presha na kuituma kwa waya) pamoja, usichanganye. Za kampuni ya VDO nyingi sensa inaanza ohm 10 (kipimo cha ukinzani wa umeme) presha ikiwa sifuri na kufika 180 presha ikijaa, za Kimarekani nyingi ni kinyume, zinaanza 240 zinashuka mpaka 33. Ukioanisha moja na nyingine mshale utakuwa unakwenda upande wake na wewe upande wako. Na hizo za 10 mpaka 180 waya ukikatika mshale unapanda mpaka mwisho, sasa usije ukauona huko juu ukafurahi.

Taa USICHOMOE. Geji hutaiangalia muda wote, taa ndiyo itakayokushtua. Weka tii, kiungo cha bomba chenye umbo la T, upande mmoja swichi ya zamani, upande wa pili sensa.

jamaa_wa_taa:
Geji nyingi za siku hizi ni urembo wa dashibodi tu, watu wanaweka tatu na hata moja hawajui inasoma nini 😂

kongwe_22R:
Asante sana dada na babu shikamoo. Nitapima kwanza. Hiyo tii naifunga moja kwa moja kwenye bloku? Sensa niliyoiona ina waya mmoja tu na ni nene kama kopo. Na tepu nyeupe ya mabomba niweke isivuje?

mama_wa_waya:
Nene hivyo usiining'inize kwenye tii kwenye bloku, uzito ule ukitikiswa na injini shaba inakatika shingoni na oili yote inamwagika chini ukiwa unatembea. Toa kwenye bloku kwa hozi fupi imara ya presha, tii na sensa vifungwe kwenye bati la pembeni. Sensa ya waya mmoja bodi yake ndiyo aathi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi ya gari), kwa hiyo ikishakaa kwenye hozi lazima uivutie waya wa aathi kutoka injini, vivyo hivyo na swichi. Tepu kidogo sana au acha kabisa, ukiizungushia nyingi unakata aathi na vipande vinaingia kwenye njia ya oili. Mimi natumia gundi ya majimaji ya nyuzi (ile mistari ya kuskrubu).

Umeme wa geji chukua unaowaka na funguo, weka fyuzi ndogo, taa ya ndani ya geji unga kwenye taa za kuegesha.

spana_mkononi:
Nyongeza ya nyuzi, hapa wengi wanapasua bloku. Magari ya Kijapani mengi swichi ni PT 1/8, kipimo cha nyuzi za mabomba cha Kijapani, nyuzi 28 kwa inchi. Geji za Kimarekani zinakuja NPT 1/8, kipimo chao wenyewe, nyuzi 27. Zinaingia mizunguko ya kwanza kama zimezaliwa pamoja, halafu zinakaza, mtu anaongeza nguvu ya spana. Ikikaza mapema toa, tafuta adapta.

Ukimaliza washa, iache sailensa, zunguka na tochi kila kiungo kabla hujaondoka. Asubuhi ikiwa baridi mshale utapanda sana, ikichemka utashuka, hiyo ni kawaida. Cha kukumbuka ni namba ya injini ikiwa ya moto, hiyo ndiyo utakayolinganisha baadaye.

kongwe_22R:
Sawa wakuu. Geji ya kupimia nimeshaahidiwa, nikisoma namba ya sailensa na ya 3000 nazileta hapa.