Slovenia na kanda zake 12 za takwimu: mbona moja imeruka watu ghafla?

Chipukizi_wa_Data:
Wakuu habari za jioni. Kuna kazi ya chuo inanitoa jasho, mwenye uelewa anisaidie. Tumegawiwa nchi ndogo za Ulaya kila mtu na yake, tuchore ramani na grafu za idadi ya watu na pato kwa kila kanda, mi nikaangukia Slovenia nikasema afadhali, nchi yenyewe watu milioni 2 na kidogo, eneo kilomita za mraba 20,000 na ushee, mkoa wa Morogoro peke yake unaimeza mara tatu na chenji inabaki. Nikajua hii namaliza kabla ya msosi wa usiku. Weee!

Kwanza kuna kanda inaitwa Zasavska, mpaka 2014 ina watu kama 43,000, halafu mwaka unaofuata tayari wako 57,000 na kitu. Hawajazaana hao, hakuna nchi inazaa hivyo. Pili misimbo ya Eurostat, ile ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, haielewani, data za zamani Zasavska ni SI015, data mpya ni SI035, nikiunganisha mafaili mawili nusu ya ramani inabaki nyeupe. Tatu, kuna mgawanyo mwingine wa juu wa Mashariki na Magharibi, nikapaka rangi, naona eneo la Postojna lipo Mashariki wakati kwenye ramani lipo kusini magharibi kule jirani na Italia! Na nne, nimetafuta wakuu wa mikoa wa hizo kanda ili niweke japo kapicha kwenye ripoti, sijaona hata mmoja. Hizi kanda anazitawala nani?

Mzee_wa_Ljubljana:
Kijana karibu sana, huku ndo nakula ugali wa kuunga unga mwaka wa kumi na kitu sasa. Naanza na hilo la mwisho maana ndo linachanganya wageni wote. Hazitawaliwi na mtu. Hakuna mkuu wa mkoa, hakuna bunge la kanda, hakuna kodi ya kanda, hata ofisi yenye bendera hutaiona. Slovenia ina serikali kuu, halafu unashuka moja kwa moja kwenye manispaa, na manispaa zipo 212, yaani nchi ya milioni 2 ina mameya 212. Nyingine ni vituko, Hodoš kule mpakani na Hungaria ina watu mia tatu na kitu tu, na meya wao wanaye. Katikati kuna zile ofisi za serikali 58, wanaziita upravna enota, ndo unaenda kuchukua kibali cha kuishi au leseni ya gari, ila zile ni matawi ya serikali kuu, hazina madiwani.

Hizo kanda 12 zilianza katikati ya miaka ya 1970, enzi za Yugoslavia, kwa ajili ya mipango. Waliangalia watu wanaenda kufanya kazi wapi, watoto wanasoma sekondari mji gani, watu wananunua vitu wapi, halafu wakauzungushia kila mji mkubwa eneo lake. Ndo maana ukiangalia ramani kila kanda ina kama mama yake: Murska Sobota kwa Pomurska, Maribor kwa Podravska, Celje kwa Savinjska, Novo mesto kwa Jugovzhodna, Kranj kwa Gorenjska, Koper kwa Obalno-kraška ambayo ndo pekee inagusa bahari. Ljubljana ipo Osrednjeslovenska.

Sasa usije ukamuuliza Mslovenia unatoka kanda gani ya takwimu, atakushangaa. Mtu wa Maribor na mtu wa Celje kwenye takwimu wapo kanda mbili tofauti lakini wote watakwambia sisi Waštajerska, yaani watu wa Štajerska, moja ya majimbo ya kihistoria ya tangu enzi za utawala wa Waaustria. Mtu wa Kamnik anajihesabu wa Gorenjska, ofisi ya takwimu imemuweka na Ljubljana. Koroška ndo kichekesho kabisa, iliyopo Slovenia ni kipande tu, sehemu kubwa ya Koroška ya kihistoria ipo Austria.

Walishataka kuzigeuza ziwe mikoa kamili yenye mamlaka. 2006 wakabadili katiba kuweka njia, 2008 mwezi wa sita wakaita kura ya maoni ya ushauri, waliojitokeza asilimia 11 hivi! Toka hapo suala linafufuliwa kila baada ya muda kisha linalazwa tena, kila mji unataka uwe makao makuu. Ljubljana ndo inabishaniwa zaidi, iwe mkoa wake peke yake au ichanganywe na majirani.

Kikokotoo:
Mzee kamaliza upande wa siasa, mi niingie kwenye data. Chipukizi hakuna aliyezaliwa hapo, mpaka ndo umehama. Kuanzia tarehe 1 Januari 2015 manispaa ya Litija, watu kama 15,000, ilitolewa Osrednjeslovenska ikapelekwa Zasavska. Angalia na safu ya eneo utaona, Zasavska ilikuwa kilomita za mraba 264 ikawa 485, imekaribia kujidabo kwa manispaa moja, na bado ndo ndogo kuliko zote. Siku hiyo hiyo Radeče na Bistrica ob Sotli zikatoka Savinjska kwenda Posavska, na kanda mbili zikabadilishwa majina: Spodnjeposavska ikawa Posavska, Notranjsko-kraška ikawa Primorsko-notranjska. Kwa hiyo kama unaunganisha kwa majina hapo ndo unakwama mara ya pili.

Misimbo sasa. Umoja wa Ulaya wana mfumo unaitwa NUTS wenye ngazi tatu, ngazi ya kwanza watu milioni 3 mpaka 7, ya pili laki 8 mpaka milioni 3, ya tatu laki 1 na nusu mpaka laki 8. Slovenia haifiki milioni 3 kwa hiyo nchi nzima inahesabika kama kanda moja ya ngazi ya kwanza, ngazi ya pili ndo hizo Mashariki na Magharibi, ngazi ya tatu ndo zako 12. Utajiuliza Zasavska yenye 57,000 imepitaje wakati kima cha chini ni 150,000, jibu ni kwamba wanaangalia wastani wa kanda zote za ngazi hiyo ndani ya nchi, chukua milioni 2.1 gawa kwa 12 unapata kama 175,000, wamepita.

Zamani Mashariki ilikuwa SI01 na Magharibi SI02. Litija ilipohama haikuvuka mpaka wa kanda ndogo tu, ilivuka na ule mkubwa, maana Osrednjeslovenska ipo Magharibi na Zasavska ipo Mashariki. Kwa hiyo Mashariki na Magharibi zote mbili zikawa zimebadilika umbo, wakazipa namba mpya SI03 na SI04, na watoto wao wote wakafuata hata ambao hawakuguswa kabisa. Pomurska haijaguswa hata sentimita ila imetoka SI011 ikawa SI031. Mpangilio wa namba ya mwisho umebaki vile vile, hiyo ndo nafuu yako, 015 inakuwa 035, 024 inakuwa 044, fomula ya mstari mmoja tu inamaliza.

Ila kubadili msimbo hakutibu grafu, mruko utabaki pale pale. Usiunganishe kanda na kanda. Ingia SiStat, ndo hifadhi ya data ya ofisi yao ya takwimu, chukua idadi ya watu kwa MANISPAA miaka yote, halafu jenga kanda mwenyewe kwa mipaka ya sasa, Litija iweke Zasavska tangu mwanzo kana kwamba ilikuwepo siku zote. Pia kumbuka Ankaran ilijitenga na Koper ndo zikafika 212, lakini zote zipo Obalno-kraška kwa hiyo ukijumlisha haikusumbui.

Msemakweli77:
Hilo la Postojna kuwa Mashariki hakuna jiografia hapo, ni hela tu. Umoja wa Ulaya wanapogawa zile fedha za maendeleo wanaangalia kanda za ngazi ya pili, ambayo pato lake kwa kichwa lipo chini ya asilimia 75 ya wastani wa Umoja inapata fungu nono. Sasa Slovenia ikihesabiwa nchi nzima kama kitu kimoja, Ljubljana inavuta wastani juu na wakulima wa Pomurska wanaonekana matajiri kwenye makaratasi. Ukiikata vipande viwili, Mashariki inabaki chini ya mstari. Kwenye awamu ya 2014 mpaka 2020 ilikuwa hivyo, Mashariki iko kundi la kanda zenye maendeleo madogo, Magharibi kundi la walioendelea. Primorsko-notranjska ya Postojna uchumi wake mdogo, watu hamsini na kitu elfu tu, ikapangwa na wenzie wa Mashariki. Kila mahali ni hivyo hivyo jamani, mipaka inafuata mfuko.

Mzee_wa_Ljubljana:
Msemakweli usikate hivyo mzee. Sawa hela ilikuwepo mezani, ila kuna na hesabu ya watu, wastani wa kanda za ngazi ya pili hauwezi kushuka chini ya laki 8, kwa hiyo Slovenia ilikuwa haina chaguo zaidi ya kubaki moja au kugawa mbili zenye kama milioni moja moja. Osrednjeslovenska, Gorenjska, Goriška na Obalno-kraška zikijumlishwa zinafika kama milioni, nane zilizobaki zinazidi kidogo. Na kanda ndogo siyo hewa, mameya wa kanda moja wanakaa baraza wanapanga miradi ya maendeleo pamoja. Hawana serikali lakini wana kikao.

Chipukizi_wa_Data:
Asee nyie watu mmenikomboa. Nimejenga upya kwa manispaa, Zasavska sasa hairuki, inashuka taratibu tu. Swali la mwisho, kwenye pato kwa kichwa Zasavska ndo ya mkia, karibu nusu ya wastani wa nchi, na Osrednjeslovenska imezidi wastani kwa asilimia 40 hivi. Niandike kwamba Wazasavska ni maskini mara tatu ya wa Ljubljana?

Kikokotoo:
Usiandike hivyo utachanwa! Pato la kanda linahesabiwa pale kazi inapofanyika, siyo pale mfanyakazi anapolala. Zasavska ilikuwa bonde la makaa ya mawe, Trbovlje, Hrastnik, Zagorje, migodi imefungwa, na watu wengi asubuhi wanapanda treni kufuata mto Sava kwenda kazini Ljubljana. Anachozalisha pale ofisini kinaandikwa Osrednjeslovenska, lakini kwenye kugawa kwa kichwa yeye anahesabiwa Zasavska. Ljubljana inapata jasho bila kubeba kichwa, Zasavska inabeba kichwa bila jasho. Chukua jedwali la mapato ya kaya baada ya kodi uliweke pembeni, utaona pengo linasinyaa vibaya sana.

Mzee_wa_Ljubljana:
Kweli tupu. Hiyo treni naijua, kufika Litija kwenda Ljubljana haina pa kukaa. Ukipita Trbovlje utaona lile dohani la kituo cha umeme, mita 360, refu kuliko yote Ulaya, limebaki limesimama tu.

Dada_Sampuli:
Naongezea kidogo kwa wanaoona hii ni ya Ulaya tu. Hata sisi tunazo kanda zisizo na serikali. Ukifungua ripoti za utafiti wa afya ya uzazi na mtoto Tanzania utakuta Kanda ya Ziwa, Kanda ya Kati, Nyanda za Juu Kusini na kadhalika, zile hazina mkuu, mikoa imekusanywa ili sampuli iwe kubwa ya kutosha kukokotoa viwango kama vifo vya watoto. Na shida ya Litija tunayo kubwa zaidi, ukichora Mbeya miaka ya nyuma bila kukumbuka kwamba Songwe ilikatwa humo 2016 utasema Mbeya imekimbiwa na watu. Dawa ni ile ile ya Kikokotoo, shuka mpaka wilaya halafu panda.

Chipukizi, kwenye ramani ya pato andika na maelezo mafupi ya Posavska na Jugovzhodna. Posavska kuna kinu cha nyuklia cha Krško, Jugovzhodna kuna kiwanda cha dawa cha Krka na cha magari ya Renault pale Novo mesto, kanda ndogo namna hizo kiwanda kimoja kinapindisha wastani wote.

Chipukizi_wa_Data:
Poa dada, hilo la Krško nilikuwa nimelipita kabisa. Nabadilisha rangi za ramani usiku huu, mapato ya kaya naweka kama ramani ya pili. Ila picha ya mkuu wa mkoa ndo imeshindikana, naweka dohani la Trbovlje.