Mlevi anampiga mkewe, kibanda kizima kinacheka. Kinachochekesha ni nini?

Wakuu, nina hasira na sipoi kabla sijayasema haya.

Juzi jioni nilikwenda kibanda umiza, kile kibanda cha kuonesha video kwa kiingilio, hapa mtaani kwetu, Newala, kumfuata mwanangu wa miaka tisa. Kwenye skrini kuna mlevi. Mnamjua, maana kila filamu ni yule yule: vifungo vya shati kavikosea, kofia imekaa upande, chupa mkononi, anapepesuka mpaka jikoni kwa mkewe. Kapiga teke sufuria ya ugali, kamzaba mama wa watu kofi, ikapigwa ile sauti ya kuchekesha. Watu hoi kwa kicheko, na mwanangu yumo. Asubuhi namkuta uani kashika mwiko, anapepesuka, anamkimbiza mdogo wake wa kike: "Nke wangu, chakula kiko wapi!"

"Nke", siyo "mke". Hilo nalo linaniuma. Nyie watengeneza filamu, kwa nini mlevi wenu akifungua mdomo tu lafudhi inakuwa ya Kimakonde, lugha ya huku kwetu? Kwani Moshi hawanywi? Dar hawanywi?

Mlevi mimi namjua, nimelelewa na mmoja. Huku kwetu korosho zikianza kudondoka, mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanakamuliwa pombe ya uraka. Siku ya kwanza ni mtamu, ukilala unakuwa mkali. Mabibo makavu yanapikwa nipa, pombe kali kabisa, na baba alikuwa mtu wa nipa. Hakuwa anapepesuka hata kidogo. Anaingia amenyooka, kimya, anavua shati, analikunja vizuri, analiweka juu ya kiti. Tukiona shati limekunjwa tunatoka mlango wa nyuma, tunakwenda kulala chini ya mkorosho. Mama anabaki. Kukicha baba anauliza nani kavunja chungu, na hakuna wa kumjibu.

Hasira za baba zilikuwa na chanzo. Korosho kashaziuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, zingali mtini, pesa imeishia kilabuni, halafu malipo ya mnada yakitoka wenzake wanaezeka bati, yeye hana kitu. Hayo filamu haigusi kabisa. Inataka teke na sufuria.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, imesema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, mila iwe inasema nini. Zaidi ya miaka 50 sasa! Bodi ya Filamu nayo ipo, inakagua na kupanga madaraja ya umri. Lakini kibandani nani anauliza umri? Mtoto akitoa hela anaingia.

Najua kuna watakaokuja kuniambia ni maigizo tu. Sijasema mlevi asiigizwe. Mwigizeni, ila muonesheni na huyo mama kesho yake, anavyokwenda kuchota maji kajitanda khanga mpaka shavuni ili jirani asione. Mbona mkifika hapo mnakata?

Mwiko nilimnyang'anya mwanangu, nikamwambia kumpiga mtu si mchezo. Akaniangalia, akasema, "Mama, mbona jana watu wote walicheka?"

Mwenye jibu la kumpa aliandike hapa chini.