Wauza bodi za Raspberry Pi, acheni kuandika "inafaa Pi 5" wakati maelekezo ni ya Pi 3!

Wakuu, uzi huu naufungua kwa hasira na sitaupamba. Bodi za nyongeza za Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja), hasa za siriali (RS485 na RS232, njia za kutuma data kwa waya) na za kuwekea diski ya NVMe (diski ya kasi ya chipu), tunauziwa kama mbuzi kwenye gunia. Boksi limeandikwa "Pi 3/4/5", ukifungua karatasi ya ndani unakuta maelekezo ya zama za Pi 3. Kijana anatoa hela yake, anafuata hatua zote, kitu hakisomi, halafu anajibiwa kuwa hajui kuunga. Na kama aliagiza nje, kuirudisha ni ghali kuliko bodi yenyewe.

Nianze na siriali. Karatasi zote zinasema andika enable_uart=1, fungua /dev/serial0 (jina la bandari ya siriali), umemaliza. Kwenye Pi 5 hilo ni shimo. Kwa kawaida /dev/serial0 ya Pi 5 inaelekea ttyAMA10, yaani kile kisoketi cha pini 3 kilicho kati ya matundu mawili ya HDMI. Bodi yako imekaa kwenye GPIO14 na GPIO15 (GPIO ni pini za Pi za kuungia vifaa), pini ya 8 na ya 10, ambayo ni ttyAMA0. Programu inafunguka vizuri, inatuma, na data inaenda mahali pasipo na waya. Hakuna kosa hata moja linaloonyeshwa! Ndiyo maana watu wanabadilisha waya, wanabadilisha mita, mwisho wanatupa bodi nzima.

Kinachotakiwa ni dtparam=uart0=on ndani ya /boot/firmware/config.txt (faili la mipangilio ya Pi), ufute console=serial0,115200 kwenye cmdline.txt, uwashe upya, kisha ufungue /dev/ttyAMA0. Mtumiaji wako awe kwenye kundi la dialout. Karatasi zinazosema /boot/config.txt zimepitwa na wakati: tangu Bookworm (toleo la Raspberry Pi OS) ya 2023 faili limehamia /boot/firmware, na ukiandika kule kwa zamani hakuna kinachobadilika.

Bodi zinazotumia UART (bandari za siriali) za ziada ndiyo balaa zaidi, kwa sababu namba zimesogea. GPIO4 na 5 kwenye Pi 4 ni uart3. Pini hizohizo kwenye Pi 5 ni uart2, na mstari wake ni dtoverlay=uart2-pi5. Ukinakili namba ya Pi 4 unawasha GPIO8 na 9, ambazo ni pini za SPI0 (njia nyingine ya data). Muuzaji aliyeandika "Pi 5" kwenye boksi hakujaribu hata mara moja, hili linajionyesha lenyewe.

Wenye Pi 3 na Pi 4 nao wana lao. UART inayokuja kwenye pini 8 na 10 ni ile ndogo, ttyS0, kwa sababu ile kamili imepewa Bluetooth. Hiyo ndogo haina pariti (biti ya kukagua makosa) kabisa. Sasa kiwango cha Modbus RTU (lugha ya mita na inveta kwenye RS485) chenyewe kinaweka pariti shufwa kama chaguo la msingi, na bodi hizi zinanunuliwa kwa ajili ya mita za umeme na inveta za sola! Weka dtoverlay=disable-bt, zima huduma ya hciuart, utumie ttyAMA0. Mstari mmoja tu ungetosha kwenye karatasi yao, haupo.

Kuhusu chipu zenyewe. Ukiona MAX485 kwenye bodi inayodaiwa ni ya Pi, iache dukani. Ni chipu ya volti 5, na mguu wake wa RO (wa kutoa data kwenda Pi) unarusha volti 5 kwenye pini ya volti 3.3, Pi 4 na zilizotangulia hazivumilii hilo. Tafuta MAX3485 au SP3485, na kwa RS232 MAX3232. Bodi za njia mbili zenye SC16IS752 ni nzuri, lakini angalia kristali, kile kikopo cha rangi ya fedha kilicho pembeni ya chipu. Kiwe kimechongwa 14.7456, maana ndiyo masafa ambayo dereva (programu inayoendesha chipu) inachukulia. Kikiwa 1.8432 na hukuandika xtal=1843200 kwenye mstari wa dtoverlay=sc16is752-spi1, kila kitu kinakwenda mara 8 polepole: umeweka 9600, waya unatoa 1200. Bodi hizo hukalia GPIO18 hadi 21, kwa hiyo usizibebeshe na bodi ya sauti ya I2S, zitagombana.

Halafu jampa ya omu 120, kile kipini kinachowasha kipinga cha mwisho wa waya wa RS485. Bodi zinatoka kiwandani ikiwa imefungwa, na kila mtu anaiacha. Kipinga hicho kinakaa kwenye ncha mbili za waya tu. Zima umeme, pima kati ya A na B, nyaya mbili za RS485: ukisoma karibu omu 60 uko sawa, ukisoma 40 kuna cha tatu katikati kinachozamisha ishara. Na usiogope kubadilishana A na B, watengenezaji hawakubaliani nani ni nani na hakuna kinachoungua.

Mifano yao ya Python nayo inatumia RPi.GPIO kugeuza mwelekeo wa kutuma na kupokea. Kwenye Pi 5 maktaba hiyo haifanyi kazi, kwani pini sasa ziko nyuma ya chipu ya RP1. Ondoa, sakinisha rpi-lgpio.

Sasa diski. Hapa wizi ni wa wazi. Wanaandika "Gen 3, 900MB/s" kwa herufi kubwa, ilhali Pi 5 imethibitishwa kwa PCIe (njia ya kasi ya kuungia diski) Gen 2, yaani kizazi cha pili, ya njia moja, ambayo kwa vitendo haifiki MB 500 kwa sekunde. Gen 3 unailazimisha kwa dtparam=pciex1_gen=3 na matokeo ni juu yako. Wengine wanakufungashia na diski ya M.2 yenye mapengo mawili, ambayo mara nyingi ni SATA (muungo wa zamani wa diski). Inaingia vizuri kabisa kwenye soketi, inafungwa skrubu, haitaonekana milele kwa sababu Pi 5 inatoa PCIe tu.

Umeme ndiyo unaoua kimyakimya. Utepe wa PCIe unabeba volti 5 kwa ampea 1, yaani wati 5. Soma lebo ya diski: ikiwa imeandikwa 3.3V 2.5A, hizo ni zaidi ya wati 8. Bodi isiyochukua umeme wa ziada kutoka pini 2 na 4 za GPIO itasoma diski vizuri mpaka uanze kunakili faili kubwa, kisha dmesg (kumbukumbu ya ujumbe wa mfumo) inaandika "controller is down; will reset" na diski inapotea. Usikimbilie kulaumu diski. Tumia chaja ya 5.1V 5A, endesha vcgencmd get_throttled. Jibu likiwa si 0x0, anza na umeme. Kisha kaza utepe, rudisha Gen 2.

Bodi isiyo na EEPROM ya utambulisho (chipu ndogo inayoitambulisha bodi kwa Pi) haijiwashi yenyewe. Andika dtparam=pciex1, na kwa kuwakia kwenye diski fungua rpi-eeprom-config --edit uweke PCIE_PROBE=1 na BOOT_ORDER=0xf416. Inasomwa kutoka kulia: 6 ni NVMe, 1 ni kadi ya SD, 4 ni USB. Na ukipandisha bodi ya siriali juu ya bodi ya diski, zote zikiwa na EEPROM kwenye anwani 0x50, hakuna itakayotambuliwa. Itabidi uzisanidi kwa mkono.

Wauzaji mnaosoma hapa: andikeni jina la chipu, masafa ya kristali, pini zinazotumika, kama kuna EEPROM au hakuna, na mstari wa config.txt kwa kila aina ya Pi mnayoitaja. Ni karatasi moja tu. Kama hamjaijaribu kwenye Pi 5, futeni hiyo 5.

Na wewe uliyekwama, weka hapa picha ya bodi pande zote mbili, maandishi ya chipu yasomeke, pamoja na majibu ya pinctrl get 14,15, ls -l /dev/serial*, lspci na dmesg.