Bosi kafungua imeili yangu ya kazini nikiwa likizo, kasoma na majibu yangu ya hospitali. Naombeni ushauri

Nyota ya Kigamboni
Wakuu, habari za jioni. Naandika mikono inatetemeka, mnisamehe nikirukaruka.

Niko uhasibu, kampuni binafsi ya usafirishaji hapa Dar, mwaka wa sita huu. Mwezi uliopita nilikwenda likizo wiki mbili. Huku nyuma mteja akataka ankara yake haraka, bosi akamwagiza kijana wa TEHAMA abadilishe nywila yangu waitafute. Hapo sina neno, ankara ni ya kampuni. Lakini hawakuishia kwenye ankara.

Niliporudi niliitwa kwa afisa utumishi. Mezani kuna karatasi zimebanwa pini, mistari mingine imepakwa rangi ya njano. Ya juu kabisa ni majibu ya vipimo vyangu. Nilijitumia mwenyewe ili niyachape kwa printa ya ofisini. Majibu ambayo hata mama yangu mzazi hajayaona! Chini yake barua ya maombi ya kazi niliyopeleka kwingine. Bosi kakaa pembeni, ananitazama tu usoni.

Leo nimepewa barua ya kujieleza: "matumizi mabaya ya mali ya kampuni". Kikao cha nidhamu ni kesho saa nne asubuhi. Nilipoanza kazi nilisaini makaratasi mengi, sikumbuki kama sera ya imeili ilikuwamo. Je, wana haki? Nijibu nini?

Baba Zawadi
Pole sana dada. Nimesimamia mifumo ya kompyuta miaka 11, kwa hiyo nakwambia ninachokijua. Imeili ya kazini ni droo ya meza ya ofisi, na mwenye ofisi ana ufunguo wa akiba. Anayesimamia mfumo anaweza kubadili nywila, kusoma, na mara nyingi kurudisha hata ulichofuta. Sasa hivi usifute kitu chochote, utaonekana unaficha ushahidi.

Jambo jingine: kama akaunti ya benki au ya NSSF umeiandikisha kwa imeili hiyo, ihamishe usiku huu huu. Siku wakikufungia, nywila mpya zitakuwa zinatumwa mahali usipoweza kuingia.

Mwana wa Ilala
Baba Zawadi kasema ya mitambo, na ni kweli. Ila kuweza kufungua si ruhusa ya kusoma kila kilichomo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na inataka taarifa zishughulikiwe kwa lengo mahususi na halali. Walifungua kutafuta ankara. Majibu ya hospitali yanahusianaje na ankara? Nani aliyachapa, na wangapi wameyasoma? Maswali hayo yaandike kwenye majibu yako, kwa adabu, bila matusi.

Halafu hicho kikao. Barua umepewa leo, kikao kesho asubuhi? Kanuni za ajira za 2007 (Tangazo la Serikali, GN, namba 42) zinataka upewe muda wa kutosha kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48, na una haki ya kusindikizwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Omba kisogezwe, kwa maandishi. Wakikuachisha kazi, una siku 30 tu tangu siku ya kuachishwa kupeleka lalamiko CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Suala la majibu ya hospitali ni la Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, usichanganye milango.

Meneja Mdogo
Nina wafanyakazi 14. Mmoja aliwahi kumtumia mshindani orodha ya wateja wangu wote, kwa imeili ya kwangu. Msidhani kila mwajiri anayekagua ni mbaya. Lakini karatasi ya hospitali ningeifunga palepale. Huyo bosi kavuka mpaka.

Msafiri wa Kaskazini
Kuna kesi ya Ulaya inafanana na yako. Bărbulescu, mfanyakazi wa Romania, alifukuzwa 2007 kwa kuchati na kaka yake na mchumba wake kwenye akaunti ya kazi ya Yahoo Messenger. Septemba 2017 jopo kubwa la Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu lilimpa ushindi. Halikusema mwajiri asikague. Lilisema mahakama za kwao hazikuchunguza kama alionywa mapema kwamba atafuatiliwa, na kwa kiasi gani. Haitufungi sisi, ila swali lake ndilo lako: ulionywa?

Nyota ya Kigamboni
Asanteni mno, Mungu awabariki. Nimempigia afisa utumishi nikaomba nakala ya sera. Kanitumia ukurasa mmoja: "Nimesoma na kuelewa sera ya matumizi ya kompyuta." Sahihi ni yangu. Sera yenyewe haipo. Nimemuuliza mara mbili, anasema bado wanaitafuta.

Benki nimeshahamisha. Dada mmoja wa stoo amekubali kuingia nami kikaoni. Barua ya kuomba saa 48 nimemaliza kuiandika sasa hivi, swali la ankara nimeliweka mstari wa kwanza.