Milango mitano, madigadi tatu, Land Rover moja: nisaidieni kutambua kipi ni cha kwake

KutuNdogo

Wakuu habari zenu. Nilinunua Land Rover fupi ambayo mwenyewe aliifungua yote akakata tamaa katikati. Chasi iko juu ya magogo, injini pembeni, na bodi ni lundo la mabati yaliyoegemezwa ukutani. Niliuziwa kama Series IIA (matoleo ya zamani yalifuatana Series I, II, IIA, kisha III), na kadi ya gari inasema 1966.

Shida ni kwamba jamaa hakuweka alama kwenye kipande hata kimoja, na nikihesabu naona vimezidi. Milango ya mbele iko mitano. Madigadi za mbele ziko tatu: mbili zina tundu kubwa la taa, moja haina. Grili ziko mbili, moja ya wavu wa waya na nyingine ya plastiki. Halafu kuna bati moja pana lenye mgongo kama paa, wakati paa ninalo tayari! Yaani nina gari moja na nusu, na sijui nusu ni ipi.

Nilichofikiria ni kuipeleka kwenye chuma chakavu ile madigadi isiyo na tundu, kwa kuwa ndiyo iliyobaki peke yake, nibaki na hizi mbili zinazofanana. Lakini nikasema kwanza niulize waliotangulia. Fundi bodi ananisubiri aanze kupuliza rangi.

Mpitanjia

Pima yote kwa kilo mkuu, upumzike.

Mzee wa Chasi

Kijana, mwambie fundi wa rangi aende zake kwanza. Na hiyo madigadi usiiguse.

Anza na chasi, maana kadi huandikwa na watu. Nenda pembe ya mbele ya chasi upande wa kulia, pale springi inaposhikiliwa. Kulia ni kulia kwa dereva aliyekaa kwenye kiti, si kulia kwako wewe uliyesimama mbele unaitazama grili. Hili nalisema mapema kwa sababu hata vitabu vya vipuri vinahesabu hivyo, na nimeona watu wazima wakiagiza madigadi ya upande usio wao. Sugua kutu kwa msasa laini na mafuta ya taa. Grenda usiisogeze hapo, itakula namba. Kwa IIA utakuta tarakimu nane na herufi moja mwishoni. Herufi hiyo inapanda kadiri walivyokuwa wakibadilisha vitu kiwandani. Ikianza na 9 basi ulicho nacho ni chasi ya Series III na hadithi inabadilika.

Kisha pima kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma. Fupi ni inchi 88, ndefu ni 109.

Sasa hizo madigadi. IIA ya 1966 taa zake kubwa ziko katikati, zimekaribiana kama macho ya bundi, kwenye paneli ileile inayobeba grili. Taa zilihamia kwenye madigadi kati ya 1968 na 1969 kutegemea gari lilikuwa linauzwa nchi gani. Kwa hiyo kama chasi yako ni ya 1966 kweli, ile iliyo peke yake ndiyo ya nyumbani. Hizo mbili ndizo wageni.

KutuNdogo

Mzee, umeniokoa. Nilikuwa nimeshaipakia kwenye mkokoteni.

Fundi Nyundo

Naongezea kwa mzee. Tafuta sumaku, ya spika mbovu inatosha. Land Rover ilipoanza 1948 chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, wakatumia alumini kwa sehemu kubwa ya bodi, na tabia hiyo waliendelea nayo. Kwa hiyo kwenye lundo lako madigadi, boneti na ngozi ya mlango (bati lake la nje) sumaku isishike. Ukuta ule kati ya injini na miguu ya dereva ni chuma, ndiyo maana unaoza kuliko vyote. Mlango una fremu ya chuma ndani, basi usishangae sumaku ikikataa katikati halafu ikanasa pembeni.

Ukikuta ngozi ya mlango inanasa sumaku hata katikati, kuna mtu alishaikata akaweka bati la kwake. Na pale alumini inapogusana na fremu ya chuma kwa miaka mingi, unaona unga mweupe na rangi inatoa malengelenge. Huo unga usiufunike kwa puti, ile rojo ya kujazia mabonde ya bodi.

Milango: laza kila mmoja ubavu, weka rula ndefu kwenye ngozi yake, kutoka juu ya mlango kwenda chini. Series I ubavu wake ni bapa. Kuanzia Series II ya 1958, David Bache, mbunifu wa kampuni ya Rover, alizipa ubavu wenye tumbo, ule mkunjo unaopita chini ya madirisha kuanzia mbele mpaka nyuma. Rula ikilala bila kuacha mwanya, mlango huo hautakubali kamwe kwenye gari lako, hata ukibadilisha bawaba.

BintiGreda

Mimi ni mpenzi wa rangi kuliko vipimo, mnivumilie.

KutuNdogo, chukua msasa wa maji namba 400, kipande kidogo tu, na kwenye kila kipande chagua sehemu iliyofichika: ndani ya ukingo, chini ya bawaba, nyuma ya mahali bampa inapokaa. Sugua kwa mduara na maji, taratibu, mpaka ufike kwenye alumini yenyewe. Zitatokea pete moja ndani ya nyingine, kama ukikata mti. Soma kutoka katikati kwenda nje na uandike: kijivu cha msingi, kijani, kijivu, krimu, bluu. Fanya hivyo kila kipande, kisha panga karatasi zako sakafuni.

Vipande vilivyoishi pamoja tangu kiwandani vina pete zilezile kwa mpangilio uleule. Kilichokuja baadaye kina pete zake chini, halafu juu kinaanza kufanana na wenzake tangu siku kilipofungwa. Kwa njia hii niliwahi kujua kwamba boneti ya gari langu ilikuwa imebadilishwa mara mbili, na aliyeniuzia alikuwa anaapa haijaguswa.

Tazama pia vivuli vya washa, zile pete za chuma zinazokaa chini ya boliti, kwenye matundu ya boliti. Washa ikikaa miaka mingi inaacha duara la rangi ya zamani. Duara likiwa pembeni ya tundu, tundu hilo lilipanuliwa kwa keekee ili kipande kikubali kukaa mahali pasipo pake.

Na tafadhali, alumini isipigwe mchanga kwa presha. Inajikunja kama karatasi iliyolowa.

Keekee

Nyote mko sawa ila mnamtisha bure. Bodi ya mbele ya Series III kwenye chasi ya IIA inafunga, watu wamefanya hivyo miaka na miaka. Taa zikiwa pembeni zinaonekana vizuri, sheria nyingine hata zilidai hivyo. Kama gari limeishi nusu ya umri wake na hiyo sura, hiyo nayo ni historia yake. Mimi ningeifunga kama ilivyo, nikaendesha.

Nakubaliana na mzee jambo moja tu, usitupe kitu. Niliwahi kuuza madigadi ya "ziada". Wiki mbili baadaye niliyobaki nayo ikavuliwa rangi, tukakuta nusu yake ni puti tupu, kidole kizima kwa unene. Nikamfuata niliyemuuzia, akawa ameshaifunga.

Mzee wa Chasi

Keekee, gari ni lake, afunge anavyotaka. Lakini ajue anafunga nini. Akiagiza grili ya waya akaipeleka kwenye paneli ya Series III atarudi hapa kulia.

KutuNdogo, mambo mengine mawili. Angalia mabati marefu yanayokaa chini ya milango. Yale mapana kwenda chini ni ya zamani, yalipunguzwa kina mara tu baada ya taa kuhamia madigadi. Na grili ya plastiki hiyo ni Series III, 1971 kuja juu. Kama una taa au swichi za Lucas, wale watengenezaji wa vifaa vya umeme vya magari, geuza nyuma utafute tarakimu zilizogongwa, mara nyingi zinasema mwezi na mwaka. Haithibitishi gari, maana taa hubadilishwa, ila zikikubaliana na rangi za BintiGreda unapata moyo.

Hebu eleza vizuri hilo bati kama paa.

KutuNdogo

Wakuu nimerudi, nimeshinda kwenye vumbi siku mbili.

Chasi: tarakimu nane, inaanza na 2, herufi mwishoni ipo. Kipimo 88. Kadi haikudanganya.

Milango: mmoja rula imelala juu yake kama kwenye meza. Series I, sijui ulifikaje. Minne iliyobaki ina tumbo. Miwili ina pete kijani, kijivu, bluu, sawasawa na ukuta wa mbele na ile madigadi ya pekee. Miwili mingine chini kabisa ni rangi ya mchanga, halafu bluu juu. Madigadi zenye tundu nazo mchanga, kisha bluu. Kwa hiyo kuna siku gari lilipata ajali mbele, wakaleta bodi ya mbele na milango ya gari jingine, wakapuliza yote bluu, na vya zamani vikahifadhiwa. Paneli yenye matundu mawili yaliyokaribiana niliikuta nyuma ya tairi, kijani chini. Nilikaa nayo sakafuni nikacheka peke yangu.

Lile bati: alumini, lina mgongo, halina mfereji wa maji pembeni wala pindo la kukalia fremu ya kioo. Lina matundu mengi madogo kwa mistari. Nilidhani ni paa la gari jingine.

Mzee wa Chasi

Ni paa lakini la pili. Gari za nchi za jua kali zilifungwa bati jingine juu ya paa, zikaachiwa nafasi ndogo katikati ili hewa ipite na joto lisiingie ndani. Paa lako la kwanza lisugue juu, utakuta matundu yaliyozibwa. Kama yapo na yanalingana, hilo bati ni la kwako.

Fundi Nyundo

Na kama ni la station wagon, ile ya kubebea abiria, utakuta na vidirisha vya hewa kwenye paa la chini, vyenye vifuniko vya kufungulia kutoka ndani.

KutuNdogo

Vidirisha vinne vipo! Nilidhani ni vya mtu aliyejitobolea tu. Puti ilikuwa imejaa kwenye matundu kwa mistari mitatu. Nimeitoa kwa msumari, tukaliinua bati na mdogo wangu tukaliweka juu, tukapitisha boliti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote zimeingia bila kusukuma. Chini ya ukingo wake kuna kijani.

Keekee nisamehe, nimeamua kuirudisha ilivyozaliwa. Za mchanga nazihifadhi, sitauza. Kwa hiyo natafuta madigadi moja isiyo na tundu la taa, upande wa kushoto, kushoto kwa dereva. Mwenye nayo aje inbox, hata kama imepinda.